Miaka sita ndani ya chama cha waendesha mashtaka: semina nyota tano, ulinzi nyota moja

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja ofisini, ndo kwanza katoka kuajiriwa, hata miezi mitatu hajamaliza, kaja na fomu ya chama mkononi ananiuliza dada hii kitu nijaze au ni makato mengine tu ya kunimalizia mshahara. Nikamwambia niachie nikuandikie, maana jibu la ndiyo au hapana halitoshi, na kwa vile wako wengi wanaouliza hivyo hivyo naweka hapa kila mtu asome. Jina la chama sitalitaja. Walio kwenye fani wanajua vyama vyenyewe, wasio kwenye fani jina haliwasaidii kitu.

Mimi ni wakili wa serikali, niko wilayani huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa saba huu nasimama upande wa Jamhuri. Mtaani naitwa PP, yani Public Prosecutor, mwendesha mashtaka. Kuna mzee mmoja sokoni anauza sato, yeye ananiita "Upelelezi Haujakamilika", yani hilo ndo jina langu kwake, kwa sababu kijana wake aliwahi kuwa na kesi na anasema hiyo sentensi aliisikia mara nyingi kuliko jina la mwanawe. Ananipunguzia bei lakini, hana kinyongo.

Sasa kabla ya nyota. Msichanganye chama na mwajiri. Mwajiri ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo toka 2018 imesimama yenyewe nje ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na mkubwa wake ni Mkurugenzi wa Mashtaka, yumo mpaka kwenye Katiba ibara ya 59B, mle imeandikwa kabisa kwamba kwenye kazi yake atakuwa huru, haingiliwi na mtu wala mamlaka yoyote, na aangalie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Zanzibar wana wa kwao. Chama ni habari nyingine, ni sisi wenyewe tunaosimama mahakamani tumekaa tukachanga, ni hiari, unaweza ukastaafu hujawahi kujiunga na hakuna atakayekushika shati. Wenzetu mawakili wa kujitegemea wana chama chao, TLS, toka 1954, wameshazoea kuchaguana, kugombana na kutoa matamko, sisi haya mambo kwetu ni mapya, maana miaka nenda rudi kesi za mahakama za wilaya zilikuwa zinaendeshwa na polisi, inspekta na nyota zake begani ndo anamwongoza shahidi, na askari hana habari za vyama. Sheria ya 2008 ya mashtaka ndo ikaanza kutuleta sisi mawakili huku chini, taratibu, wilaya baada ya wilaya. Kwa hiyo ukiona chama kinapepesuka kumbuka bado kichanga.

Na kama kuna mtu anakutisha kwamba mtumishi wa serikali kuwa na chama ni utovu wa nidhamu, mwambie akasome miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya waendesha mashtaka, ile iliyopitishwa Havana 1990, inasema tuko huru kuunda na kujiunga na vyama vya kitaaluma vya kutetea maslahi yetu, kukuza mafunzo yetu na kulinda hadhi yetu. Mambo matatu hayo. Nimekuja kugundua hayo hayo matatu ndo ya kupimia chama, na changu kinapata maksi za juu kwenye la katikati tu.

Ada elfu kumi kwa mwezi, inakatwa juu kwa juu. Kwangu sio hela ya kuumiza. Siku najiunga nilipewa kadi, diari, na fulana saizi XXL. Mimi navaa M. Nilipouliza nikaambiwa saizi zingine zimeisha, na mwaka uliofuata tena zimeisha, sasa sijui huwa zinaanza lini kuwepo. Hiyo fulana mwanangu analalia.

Haya, semina. Hapa ndo nitakaa kidogo maana hapa ndo hela yangu ilirudi.

Mwaka wangu wa kwanza kabla sijajiunga nilikuwa na kesi ya nyara za serikali, vipande viwili vya meno ya tembo, jamaa kakamatwa navyo kwenye kiroba nyuma ya pikipiki. Kesi safi. Mashahidi walikuja wote, askari wa wanyamapori katoa ushahidi vizuri, hati ya tathmini ya nyara ikapokelewa bila pingamizi, mimi nikakaa chini nimeshiba furaha nikaita shahidi mwingine. Mshtakiwa akala miaka 20. Nilimpigia mama yangu simu siku ile. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, na kule kumbe ile hati niliitoa, ikapokelewa, haikusomwa. Mshtakiwa hakusomewa kilichoandikwa mle. Mahakama ya Rufani ilishasema toka 2003 kwamba kielelezo cha maandishi kinapitia hatua tatu, kionekane kinafaa, kipokelewe, halafu ndo kisomwe mahakamani, ukiruka hiyo ya mwisho kinafutwa kwenye kumbukumbu kama vile hakijawahi kuwepo. Kikafutwa. Bila hati ya tathmini hakuna nyara, bila nyara hakuna kesi. Mwenzangu aliyesimama kwenye rufaa hakuwa na la kujitetea, akaunga mkono rufaa, jamaa akatoka. Hukumu ilikuwa kurasa 14 na mimi nilizikwa ukurasa wa 6, sentensi mbili tu. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kwa hiyo semina ya kwanza ya chama, Mwanza, siku mbili, nilienda nimeinamisha kichwa. Mkufunzi alikuwa mzee wetu mmoja mstaafu, mfupi, miwani imefungwa na uzi, hana pawapointi hana nini, kaja na mfuko wa rambo. Katoa mle PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, kongwe, imefutwa majina, kampa kijana wa mbele, kamwambia soma. Kijana akaanza kusoma ile ya harakaharaka ya kwetu ya mahakamani, mzee akamkata, "Unamsomea nani, ukuta? Soma kama unamsomea mama yako kasahau miwani nyumbani." Tukasoma. Ukumbi mzima, mmoja mmoja, na mwandiko wa daktari unaujua ulivyo. Halafu ndo akasema neno ambalo mpaka leo nikisimama linanijia, "Kupokelewa sio kusomwa. Pilau kuiva sio watu wameshakula." Jamani mimi nilitaka kulia pale pale.

Mchana wake akatoa bahasha ya kaki imepigwa lakiri, akampa mtu wa kwanza mlangoni, akasema izunguke kwa kila mtu hadi imfikie tena, na shughuli zingine zinaendelea kama kawaida. Ikazunguka. Tukaenda chai, tukarudi, tukajadili vifungu, ikamfikia. Akaanza kutuita mmoja mmoja kizimbani, kiti cha plastiki ndo kizimba, wewe ulipokea kutoka kwa nani, saa ngapi, ilikuwaje, ulisaini wapi, ulimpa nani. Hadi mtu wa nane tuko vizuri tunajisifu. Wa tisa akasema alipokea kutoka kwa dada wa Shinyanga, dada wa Shinyanga akasema mimi sijampa huyu, mimi niliiacha mezani nikaenda kuchukua sambusa. Ukumbi kimya. Mzee akaifungua bahasha, ndani mlikuwa na unga wa sembe, akasema hii asubuhi ilikuwa heroini, saa nne na robo wakati mnakula sambusa ikageuka sembe, nendeni mkamweleze hakimu. Nimesoma miaka minne ya sheria na mwaka mmoja wa shule ya sheria na hakuna aliyewahi kunieleza mnyororo wa vielelezo nikauelewa namna ile.

Sio semina zote ziko hivyo, nisidanganye. Ya makubaliano ya kukiri kosa, haya yaliyoingia kwenye sheria 2019, ilikuja nimeshafanya makubaliano mawili kwa kubahatisha na kuomba Mungu. Na kuna moja ya uongozi na mabadiliko chanya, sijui, mtu kaongea masaa matatu kuhusu tai na kuku. Ila yale marekebisho ya 2022 yaliyosema shauri lisifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika isipokuwa kwa yale makosa makubwa, hapo niwape heshima yao, waliitisha kikao cha mtandaoni mapema kabisa, wakatupitisha kifungu kwa kifungu na watu wakauliza maswali ya kweli, kwamba sasa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akikuletea mtu na faili lenye karatasi mbili unamjibuje bila kugombana naye na jioni mnakutana kwenye harusi moja. Maana ndo maisha ya wilayani hayo. Raia huko nje wanasema sisi tunabambikia watu kesi, na wengine wana sababu ya kusema hivyo, lakini kijana wa miaka 27 kumwambia mkuu wa upelelezi wa wilaya "afande hili faili halijaiva, lirudishe" anahitaji kuwa na watu nyuma yake. Kwenye kikao kile niliona watu nyuma yangu. Semina nyota tano, nasimamia hapo.

Grupu la WhatsApp ni kitu kingine. Asilimia kubwa ni maua, habari za asubuhi wapendwa, video ya ng'ombe kaingia benki, na kila Jumatatu kuna mkubwa mmoja anatuma aya ndefu ya kututakia wiki yenye baraka. Nililizima sauti mwezi wa kwanza tu. Ila kuna siku niko katikati ya kesi ya dawa za kulevya, wakili wa utetezi kijana wa mjini suti inang'aa, kanyanyuka anapinga ripoti ya Mkemia Mkuu isipokelewe eti shahidi anayeitoa sio aliyepima. Kaongea vizuri, hakimu anaandika, naona kalamu yake inakubaliana naye. Nikaomba dakika kumi. Nikatoka koridoni, nimesimama kati ya choo na ofisi ya karani, nikaandika kwenye grupu mistari mitatu. Dakika haijaisha, mtu wa Mbeya ambaye sijawahi kumwona kwa macho kanijibu, "Usibishane naye nani kapima. Shahidi wako aliwahi kuishika hiyo ripoti? Ana uelewa nayo? Basi mwongoze aseme hivyo ndo uombe aitoe." Chini yake kaweka picha ya ukurasa wa uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaosema hivyo hivyo, dole gumba lake liko kwenye picha na pembeni kuna sahani ya mihogo, yani alikuwa anakunywa chai. Nikarudi, nikamwongoza shahidi, pingamizi likatupwa. Na safari hii ripoti ikasomwa, neno kwa neno, niliisoma kama mama kasahau miwani. Jioni nikamtumia yule kaka hela ya soda akairudisha, kasema dada zamu yako itafika. Nyota nne, moja naitoa kwa ajili ya ng'ombe wa benki.

Misiba wako vizuri hawana mpinzani. Alipofariki mama mkwe wangu walikuja na Coaster mbili, rambirambi imeandikwa kwenye bahasha na orodha ya waliochanga, katibu kaongea vizuri, wamekaa hadi mazishi. Familia ya mume wangu mpaka leo wanakiheshimu chama kuliko mimi mwenyewe.

Mkutano mkuu. Eeh. Ratiba inasema saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anafika saa tano na robo. Picha ya pamoja dakika arobaini kwa sababu kila kanda inataka na ya kwake. Chakula kizuri, foleni ndefu, ukichelewa unakuta wali na ile mboga ya karoti tu. Taarifa ya mweka hazina inasomwa kwa spidi ya mtangazaji wa mpira, mpaka unashangaa watu wanaopinga vielelezo kila siku kazini kwao wanapokea mahesabu bila hata risiti moja kuonyeshwa. Na mimi nikiwemo, nilipiga makofi.

Ila kinachoniudhi ni ajenda ya mwisho, Mengineyo. Kila kitu kinachouma kwenye hii kazi kiko Mengineyo. Nyumba, usafiri, kupandishwa madaraja, usalama wetu, mtu kuhamishwa wiki mbili kabla ya hukumu ya kesi kubwa, vyote Mengineyo. Na Mengineyo inafikiwa saa kumi na moja na nusu jioni, dereva wa Coaster kashaanza kupiga honi, nusu ya ukumbi washasaini posho wameondoka, mwenyekiti anasema "ndugu wajumbe kwa sababu ya muda." Nimehudhuria mikutano minne na sijawahi kusikia Mengineyo ikiisha.

Sasa nieleze kwa nini ulinzi nimewapa nyota moja.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kesi, siielezi, mshtakiwa ana ndugu wengi na wana hela. Huku wilayani mimi nikitoka mahakamani nashuka hadi barabarani nachukua bodaboda kama mtu yeyote, na mara nyingi kwenye kile kijiwe nakuta hao hao ndugu wa mshtakiwa nao wanasubiri bodaboda, tunasalimiana, shikamoo, marahaba, kila mtu anapanda yake. Siku hiyo kijana mmoja kanisogelea kwa adabu kabisa, kavua kofia, kasema, "Wakili, wale watoto wako wawili wa sare ya kijani, yule mdogo kumbe anaogopa mbwa eeh?" Akavaa kofia akaondoka. Basi, hakusema kingine. Na ni kweli anaogopa mbwa.

Niliripoti panapostahili kuripotiwa na wa huko walifanya kazi yao, sina neno. Ila usiku ule nilimpigia kiongozi wa chama, maana nilifikiri chama ndo kwa ajili ya hivi. Kasikiliza, kasema pole sana mwanangu, tumelipokea, tunalifanyia kazi, andika barua. Nikaandika. Wiki tatu zikapita. Ikaja barua ya ukurasa mmoja ya kunipa pole kwa "changamoto uliyoipata", jina langu limekosewa herufi mbili, na nakala kwa watu sita. Mwisho.

Waliofanya kitu ni wanachama. Dada mmoja wa wilaya jirani, tulijuana kwenye ile semina ya bahasha, ndo huyo huyo wa sambusa, kaja na gari la mumewe usiku kawachukua watoto wakakaa kwake wiki mbili. Kaka mwingine kakubali kuingia kwenye kesi nami tukasimama wawili, ili ionekane hata nikitoka mimi kesi haifi. Hela ya mafuta walichanga kwenye grupu lile lile la ng'ombe. Kwa hiyo ukiniuliza chama kilinisaidia au hakikunisaidia sijui nikujibu nini, barua ilikuja na nakala sita na watoto walilala salama, na vyote viwili ni chama.

Watu wanaona tunakuza mambo. Uganda hapo, Joan Kagezi ndo alikuwa anaongoza mashtaka ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yaliyoua watu 76, tarehe 30 Machi 2015 jioni kasimamisha gari Kiwatule anunue matunda, watoto wake wako ndani ya gari, watu wa pikipiki wakampiga risasi akafa. Na Marcelo Pecci wa Paraguay aliyekuwa anashughulika na magenge na dawa za kulevya, Mei 2022 kaenda fungate Colombia na mke wake, wakamuua ufukweni. Hao walikuwa wakubwa, wanajulikana. Mimi wa bodaboda nani atanijua? Mashahidi wetu angalau wametungiwa sheria yao ya kuwalinda toka 2015, na kuna siku nilimweleza shahidi haki zake zote za ulinzi, kaniuliza, "Na wewe mama?" Nikacheka tu.

Hapa ndo pa kuuma zaidi. Ile diari niliyopewa siku najiunga, ukurasa wa 11, kati ya ramani ya mikoa na sikukuu za mwaka, wamechapa viwango vya ile jumuiya ya kimataifa ya waendesha mashtaka, IAP. Kwa wasioijua, ilianzishwa Juni 1995 kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa pale Vienna, ikazinduliwa Budapest Septemba 1996, makao yake The Hague, Uholanzi, na chimbuko lake ni kwamba wahalifu walishaanza kufanya kazi nchi tatu kwa siku moja wakati mwendesha mashtaka hajui hata jina la mwenzake wa nchi jirani. Mkutano wake wa kila mwaka umeshafika Afrika pia, Cape Town 2000 na Johannesburg 2018. Hivyo viwango walivipitisha Aprili 1999, vina sehemu sita, na ya sita ndo ya kutupa nguvu sisi. Inasema mwendesha mashtaka afanye kazi bila kutishwa wala kunyanyaswa. Yeye na familia yake walindwe na mamlaka pale usalama wao unapotishiwa kwa sababu ya kazi yao. Mshahara na mazingira ya kazi viwe vya maana, kupandishwa cheo kuwe kwa vigezo vinavyoeleweka, akishtakiwa kinidhamu asikilizwe kwa haki, na asilazimike kutii amri iliyo kinyume cha sheria au maadili ya kazi. "Yeye na familia yake." Nimeisoma hiyo nikiwa nimekaa jikoni usiku ule watoto hawapo. Wameichapa vizuri, karatasi ya kung'aa, rangi ya bluu. Bila hiyo diari nisingeijua, nawashukuru. Ila mtu akikuchapishia haki yako kwenye ukurasa wa 11 halafu akakujibu baada ya wiki tatu kwa jina lisilo lako, unaanza kujiuliza diari ni ya nini.

Shida naijua, na sio kwamba viongozi ni wabaya, yule aliyenipa pole kwa simu aliongea kwa uchungu wa kweli. Shida ni kwamba viongozi wa chama ndo hao hao mabosi kazini. Anayepokea malalamiko yako Jumamosi kama mwenyekiti, Jumatatu ndo anakusainia likizo. Sasa utamlalamikia nini, na yeye atamlalamikia nani? Hata IAP wanachama wake ni wa aina mbili, ofisi nzima nzima za mashtaka na mtu mmoja mmoja, lakini kule ukijiunga binafsi hakuna anayekushikia faili lako la utumishi. Huku kwetu dawa ni ndogo tu, nafasi tatu za kamati ziwe za watu wa chini ya ngazi fulani, wa wilayani, wanaopanda bodaboda. Niliisema hii. Mengineyo, saa kumi na moja na nusu.

Nimeulizwa kama ni bora kuruka hiki nikajiunge huko kwa wakubwa. Kama uko kwenye makosa ya mtandao, utakatishaji fedha au usafirishaji haramu wa binadamu, fuatilia IAP, wana mitandao ya wataalamu kwa fani, ule wa makosa ya kimtandao upo toka 2008, na kuna ule umoja wetu wa Afrika Mashariki wa waendesha mashtaka ambao ukiwa na shahidi wa Nairobi au Kampala utakuokoa na mambo mengi. Ila Mholanzi hawezi kuja na gari la mumewe saa nne usiku kuwachukua watoto wako. Anza na cha nyumbani.

Kwa jumla nawapa nyota tatu. Mdogo wangu, jaza fomu. Nenda semina zote ila ile ya tai na kuku usiende, kaa na watu wa wilaya za jirani wakati wa chai na bahasha usiiache mezani, grupu lizime sauti lakini usitoke. Hela yako itarudi. Ila usijiunge ukidhani kuna mtu ofisini makao makuu amekaa karibu na simu anasubiri upate shida, hayupo bado.

Mwezi uliopita nimewaandikia barua nyingine, naomba usalama wa wanachama na familia zao uwe ajenda namba nne mkutano ujao, kabla ya chakula, na nimewanukulia ukurasa wa 11 wa diari yao wenyewe. Wamejibu ndani ya siku tisa, barua imepokelewa na inafanyiwa kazi, jina langu safari hii wameliandika sawasawa. Sijui kama ni dalili au ni karani mpya.

Fomu ziko kwa katibu wa kanda. Nenda na picha mbili za pasipoti, nyuma bluu, ukipeleka ya nyeupe wanairudisha. Na kwenye kisanduku cha saizi ya fulana andika yako tu, ingawa unajua itakayokuja.